Gari Kuukuu Lina Haki ya Sauti Safi

"Gari lenyewe limechoka, redio ya nini?" Nimelisikia swali hili mara nyingi mno hapa Kigali: kwenye gereji za Gatsata, kwenye sherehe za harusi, hata katika mabishano ya wanafunzi wenzangu wa Kiswahili, ambao nilitegemea wawe wa kwanza kujua thamani ya kusikia vizuri. Husemwa kwa kicheko, na anayelisema hudhani amefunga mjadala. Mimi nasema hajaufungua. Msimamo wangu ni kwamba mtu anayefanya kazi ndani ya pikapu kuukuu ana haki ya kuweka humo sauti safi. Haki hiyo si anasa wala si kelele. Wanaoipinga wanapigana na adui asiyekuwepo, ilhali adui wa kweli anauziwa watu ndani ya maboksi dukani.

Nianze kwa kueleza ninazungumzia gari gani, maana hoja isiyo na mfano hupeperuka. Baba yangu mdogo ana Toyota Hilux ya mwaka 1994, ya dizeli, yenye kebini moja. Ni ya kizazi cha tano cha magari hayo, kilichoanza kutoka mwaka 1988. Anabeba viazi kutoka Musanze kuja Kigali, na akirudi hapandi mikono mitupu: saruji, mabati, kreti za soda. Kuna siku anakaa nyuma ya usukani saa kumi na zaidi. Kwake ile kebini ni ofisi. Ndimo anamopangia kazi, anamokula, anamopokea simu za wateja akiwa amesimama kando ya barabara, na ndimo anamosikilizia dunia. Redio iliyokuwa humo ilikuwa na spika mbili za karatasi zilizochanika pembeni. Ukiongeza sauti zilikoroma; ukipunguza, injini ilizimeza.

Hoja ya kwanza ya wapinzani ni kwamba hiyo ni anasa. Wanasema fedha za spika zingenunua tairi. Nakubali bila kusita kwamba breki, tairi na taa hutangulia, na gari lisilopita ukaguzi halina biashara barabarani, liwe na redio au lisiwe nayo. Lakini nani aliwaambia kwamba mtu huyu amechagua spika badala ya breki? Wamejitungia chaguo ambalo halipo, kisha wakamhukumu kwalo. Katika gari la baba mdogo kazi yote ya sauti, vifaa pamoja na ufundi, haikufikia bei ya tairi mbili mpya. Na tairi zilikuwa zimeshabadilishwa.

Tazameni pia nani anaulizwa swali hilo. Gari kubwa la ofisi, lenye viti vya ngozi na spika kumi, hupita na hakuna anayeuliza redio ya nini. Bosi akisikiliza muziki akielekea mkutanoni tunaita starehe ya kawaida. Mbeba viazi akisikiliza taarifa ya habari akipanda Shyorongi, tunaanza kumpigia hesabu mfukoni. Huo si ushauri wa uchumi. Ni dharau iliyovaa koti la ushauri. Tunamwambia maskini kwamba chombo chake cha kazi kisiwe na kitu chochote kinachopendeza, kana kwamba kupendezwa ni cheo kinachopatikana pamoja na gari jipya.

Hoja ya pili ni ya wale wanaoona redio ni mchezo tu. Hawa nawashangaa zaidi, kwa sababu wanasema hivyo wakiwa Rwanda. Hakuna nchi iliyolipa bei kubwa kuliko yetu kujifunza kwamba kinachotoka kwenye spika si mchezo. RTLM ilianza kutangaza mwaka 1993, na mwaka uliofuata sauti yake ilikuwa miongoni mwa silaha za mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Baadaye redio hiyohiyo, kama chombo, ilitumika kutibu. Igizo la Urunana, lililoanza mwaka 1999, limefundisha watu afya na maisha ya nyumbani. Musekeweya, lililoanza mwaka 2004, limezungumzia chuki na namna jamii inavyoweza kuikataa. Watu waliyafuata wakiwa mashambani, madukani na ndani ya magari. Kwa historia hiyo, kusikia kwa uwazi kinachosemwa redioni ni jambo zito la uraia. Asiyesikia vizuri hawezi kupima anachoambiwa.

Kuna na sababu iliyo karibu zaidi na ngozi. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilileta mafuriko na maporomoko ya udongo katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini, na watu zaidi ya 130 walipoteza maisha. Barabara zilikatika. Wiki ile baba mdogo alikuwa safarini. Kupitia spika zake zilizochanika alisikia jina la barabara aliyokuwa akiielekea, lakini hakusikia kama imefungwa au imefunguliwa. Wanafunzi wenzangu, tunaojifunza fonolojia, hebu tuyapime maneno hayo mawili. Yanaanza sawa na yanaishia sawa. Maisha ya mtu yanategemea silabi zilizo katikati. Alisimama kandokando, akawauliza waliokuwa wakitoka upande ule. Alifanya busara, lakini siku ambayo hakuna wa kuulizwa je?

Sasa tuingie kwenye hoja ya tatu, ambayo naiheshimu kuliko zote: kelele. Kigali ni mji unaopenda utulivu, na umeutungia taratibu. Mwaka 2018 misikiti ya wilaya ya Nyarugenge ilitakiwa kuacha vipaza sauti vya adhana, na mwaka huohuo makanisa mamia yalifungwa, kelele ikiwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Kuanzia Septemba 2023 baa na sehemu za burudani ziliwekewa mwisho wa saa saba usiku siku za kazi na saa nane mwisho wa wiki. Mtu anaweza kuzipenda taratibu hizi au kuzilalamikia, lakini zinatoka kwenye haja ya kweli: jirani anataka kulala. Kwa hiyo, anasema mpinzani wangu, ukiwaruhusu wenye pikapu kuboresha spika zao, umeuongezea mji kelele.

Hapo ndipo anapokosea, na kosa lake ni la kifizikia. Anachanganya sauti kubwa na sauti safi. Mngurumo wa injini ya dizeli unakaa zaidi chini, kwenye masafa mazito. Konsonanti zinazotofautisha maneno, kama vile s, sh, f na t, zinakaa juu, takribani herzi 2,000 na kupanda. Spika iliyochakaa hukoroma, na mkoromo huo huzifunika hizo za juu. Dereva hasikii maneno, basi anaongeza sauti. Kinachoongezeka ni mkoromo, si maneno. Anaongeza tena. Mwisho wake gari linapiga kelele nje na bado aliye ndani hajui kilichosemwa. Mweke spika nzuri, na mkono wake mwenyewe utarudisha kitufe chini, kwa sababu amekwishasikia. Debe tupu ndilo lisiloacha kuvuma.

Na anayeumia zaidi na mkoromo huo si jirani, ni dereva. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asisikilize zaidi ya saa 40 kwa wiki akiwa kwenye desibeli 80, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo unapungua kwa nusu. Kwenye 83 zimebaki saa 20; kwenye 86 zimebaki saa 10, yaani siku moja tu ya baba mdogo. Mtu anayeshindana na injini kwa kuongeza sauti kila siku anakula mtaji wa masikio yake, na masikio hayana duka la vipuri Gatsata wala Nyabugogo.

Sitetei kila mtu. Yule anayefunga sabufa mbili nyuma kwenye mzigo, akapita Nyamirambo usiku akitikisa madirisha ya wagonjwa na watoto wachanga, simjui na sitamsemea. Polisi wakimsimamisha, nitasimama upande wa polisi. Lakini tusimhukumu mpishi kwa sababu ya mlevi aliyelala mlangoni mwa hoteli.

Nimesema adui wa kweli yuko dukani. Nendeni mkasome maboksi. Redio ndogo ya gari, nyepesi kama daftari, imeandikwa wati 1,000. Nyingine inasema wati 50 mara nne. Hesabu yake anaiweza mwanafunzi wa sekondari. Umeme wa gari injini ikiwa inazunguka ni takribani volti 14. Spika ya kawaida ya gari ina omu 4. Chukua 14 mara 14, unapata 196. Gawa kwa 4, unapata 49. Hapo ndipo ile 50 ya kwenye boksi ilipozaliwa. Ila sauti ni wimbi linalopanda na kushuka, halikai kileleni, hivyo nguvu yake halisi ni nusu: wati 24 na kitu. Ondoa inayopotea njiani, na redio ya kawaida isiyo na amplifaya ya pembeni inabaki na wati 20 hivi safi kwa kila spika. Mwenye boksi anajua hivyo. Mnunuzi hajui, na biashara imejengwa juu ya kutojua kwake.

Kama hesabu hiyo inachosha, iko ya njia ya mkato. Geuza redio uangalie fyuzi nyuma yake. Ikiwa ni ya ampea 10, zidisha kwa volti 14: umeme wote unaoweza kuingia mfululizo ni wati 140. Kifaa hakiwezi kutoa elfu moja kikiwa kimekula mia moja na arobaini. Fyuzi haina matangazo, na ndiyo maana haisemi uongo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na zile tarakimu kubwa zenye rangi nyekundu ndiyo miguu ya kibaya.

Isitoshe, wati zenyewe hazifanyi kazi ambayo watu wanadhani zinafanya. Ukizidisha nguvu mara mbili unaongeza desibeli 3 tu, badiliko ambalo sikio linalitambua bila kushangaa. Ili sauti isikike kama imekuwa kubwa maradufu, unahitaji nguvu karibu mara kumi. Kwa upande mwingine, spika zenyewe hazilingani wepesi wa kuitika: ipo inayotoa desibeli 86 kwa wati moja, na ipo inayotoa 92 kwa wati hiyohiyo. Tofauti hiyo ya 6 ni sawa na kuzidisha nguvu ya redio mara nne. Namba hiyo huandikwa kwa herufi ndogo pembeni ya boksi, na sijawahi kumsikia muuzaji akiitaja.

Basi fedha chache za mwenye pikapu ziende wapi? Ziende kwanza mlangoni. Mlango wa gari kuukuu ni bati lenye matundu, na spika inasukuma hewa mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Hewa ya nyuma ikipita kwenye matundu na kukutana na ya mbele, besi zinauana. Ziba matundu, bandika karatasi za lami ndani ya bati ili lisitikisike, kaza vitasa na skrubu zinazogongana, badilisha raba za milango zilizokauka. Kazi hiyo haina taa za kumetameta, na ndiyo sababu wengi huiruka. Lakini inaongeza besi bila wati hata moja, na papo hapo inapunguza mngurumo unaoingia ndani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika gari ukuta huo ni amplifaya usiyoihitaji.

Kisha nyaya. Gari la miaka thelathini limepitiwa na mafundi wengi, na kila mmoja ameacha fundo lake chini ya dashibodi. Ule mlio unaopanda na kushuka kadiri unavyokanyaga mafuta hausababishwi na redio mbovu. Mara nyingi ni erthi iliyofungwa kwenye bati lenye kutu au rangi. Parua bati mpaka ling'ae, funga upya, na mlio unaweza kuisha kwa bei ya kipande cha msasa. Angalia pia nyaya za spika zisipishane: spika moja ikisukuma wakati nyingine inavuta, besi hupotea katikati ya kebini. Betri ndogo ya saa ya ukutani inatosha kupima. Iguse kwenye nyaya za spika, uone kama karatasi inatoka au inaingia, halafu ulinganishe pande zote mbili. Na kama kuna waya mnene unaotoka kwenye betri kwenda kwa amplifaya, fyuzi yake ikae karibu na betri yenyewe, si mwisho wa waya. Waya usio na fyuzi ukichubuka kwenye bati, unaunguza gari. Duka moja lililofunga redio ya kwanza ya baba mdogo liliruka fyuzi hiyo ili kuokoa dakika tano, na tuliigundua siku tulipokuta plastiki ya waya imeanza kuyeyuka. Kwenye boksi la redio hiyo wati zilikuwa nyingi mno.

Mlango na nyaya vikishatengemaa, nunua spika mbili nzuri. Halafu redio ya wastani. Amplifaya ije mwisho, kama bado unaona inahitajika. Wengi wetu tunaufuata mpangilio huu kinyumenyume, kwa sababu tunanunua kinachoonekana na tunamnyima fundi malipo. Tunabishana na fundi juu ya faranga elfu tano za kazi ya mchana mzima, kisha tunalipa bila kubisha kwa tarakimu zilizochapwa kwenye karatasi. Kama kuna mtu wa kulaumiwa kwa kelele za mji huu, tujumlishe na mkono huo wa mteja.

Walimu wetu wanaweza kuuliza: haya yote yanahusu nini somo la Kiswahili? Yanahusu sana. Mwaka 2017 Bunge letu lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili lugha rasmi, na tangu hapo tumekuwa tukiandika insha nyingi kuhusu umuhimu wake. Wakati tunaandika, kilikuwa kinafanya kazi chini ya dashibodi. Katika gereji moja nimemsikia fundi aliyejifunzia Bukavu akisema "masi" na "bafle", na mwenzake aliyejifunzia Dar es Salaam akisema "erthi" na "spika", wakaelewana na kumaliza kazi. Darasani tungewakata alama wote wawili. Mimi naona kazi yetu ni nyingine: kwenda kwao na daftari, kuandika maneno wanayotumia, na kuwarudishia kitu wanachokihitaji, yaani maelezo ya Kiswahili chepesi yanayosema volti 14, omu 4, na fyuzi ikae wapi. Maelekezo yanayokuja na redio hizi huandikwa kwa Kiingereza au Kichina, kwa herufi za kuvunja macho, na hutupwa pamoja na boksi. Mteja anabaki na tarakimu nyekundu peke yake. Uongo wa wati elfu moja unastawi mahali ambapo lugha ya mnunuzi haikufika.

Najua nitaambiwa kwamba magari haya yanaondoka, kwamba kesho ni ya umeme, na serikali imekwisha kuyapa magari ya umeme nafuu ya kodi. Na ije kesho hiyo. Lakini viazi vya kesho asubuhi vitashuka na Hilux ya leo, na anayeiendesha atakaa humo saa kumi. Kumwambia asubiri gari jipya ndipo asikie vizuri ni kumwambia asubiri maisha.

Kwa hiyo nawaomba wanaonisoma mambo matatu. Mkimwona mtu anatengeneza sauti ya gari kuukuu, msimuulize redio ya nini. Mwulizeni kama amekwisha kuziba milango. Mkienda dukani, geuzeni kifaa msome fyuzi kabla ya kusoma boksi. Na mkimpata fundi anayeparua kutu kabla ya kufunga erthi, mlipeni alichotaja bila kupunguza, kisha muulizeni kile kitu alichokishika mkononi yeye anakiitaje.